Vim haikimbii eti kwa sababu umeandika `nu`

Nimeletewa tena. Kijana anayetunza seva ya chama kimoja cha msingi cha korosho hapa Mtwara amenitumia `.vimrc` yake, yaani faili ya mipangilio ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, yote mstari mmoja:

`set nu ai si ic scs ts=4 sw=4 et`

Nikamuuliza mbona hakuandika majina kamili. "Kaka, kifupi kinafungua haraka. Halafu ndivyo wanavyoandika mafundi."

La haraka kwanza, maana halina mjadala. `nu` na `number` ni chaguo lilelile, la kuonesha namba za mistari, na Vim huisoma faili hiyo mara moja tu inapowaka. Ukitaka kujua muda wako unaliwa na nini, fungua kwa `vim --startuptime muda.txt`, usome kilichoandikwa humo.

Linaloniudhi ni hili la "mafundi". Kijana alilalamika kwamba kila akianza mstari kwa `#` ndani ya skripti yake ya kujumlisha uzito wa magunia, alama hiyo inarukia ukingo wa kushoto, hata akiwa katikati ya `if`. Tena hapo anapotafuta neno, Vim haimwoneshi chochote mpaka abonyeze Enter. Alidhani Vim ni mbovu. Tazama ule mstari: kuna `si`, ambayo ni `smartindent`, na kurusha `#` pembeni ni tabia yake inayojulikana. Alichokitaka ni `is`, yaani `incsearch`, inayoonesha neno huku unaandika. Herufi mbili zimepishana nafasi, na Vim haikusema kitu, kwa sababu zote mbili ni halali. Angeandika `incsaerch`, angepata kosa E518 papo hapo: chaguo halijulikani. Jina refu ukilikosea linapiga kelele. Fupi ukilikosea linaweza kugeuka chaguo jingine kimyakimya. Jirani zake wako wengi: `sc` ni `showcmd`, `scs` ni `smartcase`, `sm` ni `showmatch`.

Wengine huniambia ufupisho ni kukata neno popote. Kwa amri kuna ukweli: `:e`, `:ed` na `:edit` ni kitu kimoja. Kwa machaguo, hapana! Andika `set num` uone. Ni `nu` au `number`, basi, na `wrap` haina kifupi kabisa.

Halafu jaribu kutafuta ulipoweka `et` katika folda ya mipangilio. Itakuletea kila mstari wenye `set`. Tafuta jina lake kamili, `expandtab`, unafika moja kwa moja.

Vifupi vilikuwa na sababu yake. Bill Joy aliandika vi, mtangulizi wa Vim, huko Berkeley mwaka 1976, akifanya kazi kwa modemu ya baud 300, takribani herufi 30 kwa sekunde. Bram Moolenaar alipotoa Vim mwaka 1991, alivirithi. Lakini Vim yenyewe, ukiiuliza `:set ts?`, inakujibu `tabstop=4`. Ukiiamuru `:mkvimrc` ikuandikie faili ya mipangilio, inaandika majina kamili. Sasa fundi gani huyo anayeijua Vim kuliko Vim?

Mimi nafuata hivi: unapobonyeza `:` na kuandika jambo la dakika hii, `nu` inatosha, vidole vipumzike. Kilicho ndani ya faili atakikuta mtu mwingine msimu ujao wa korosho, wewe ukiwa umehamia Lindi, kwa hiyo kiandike kamili, kila chaguo na mstari wake.

Panaponitia shaka ni ule mstari wa mwisho wa skripti unaoiambia Vim mipangilio ya faili hiyo, `# vim: ts=4 sw=4 et`. Nao umo ndani ya faili, nao utasomwa na mwingine, na kwa hoja yangu mwenyewe ungepaswa kuwa mrefu. Bado nauandika kwa kifupi, kwa kuwa hizo tatu kila mtumiaji wa Vim amezizoea, ila yule kijana akinibana hapo sina jibu zito la kumpa.