Mawe ya nyongo na ujauzito: jiwe lililotulia na jiwe linaloziba

Mawe ya nyongo ni vipande vigumu vinavyojijenga ndani ya mfuko wa nyongo kutokana na nyongo yenyewe. Mengine ni madogo kama punje ya mchanga, mengine hufikia sentimita 2 au 3, na mfuko mmoja unaweza kuwa na jiwe moja tu au mamia. Kuwa na jiwe peke yake hakuumizi. Maumivu huanza pale jiwe linapoziba njia. Tofauti hiyo kati ya jiwe lililotulia na jiwe linaloziba ndiyo inayoamua karibu kila kitu kwa mwanamke anayepanga kushika mimba au aliye mjamzito tayari: afanyiwe upasuaji au asifanyiwe, lini, na dalili ipi imkimbize hospitali usiku huohuo.

Nyongo hutengenezwa na ini, mchana na usiku. Kati ya mlo na mlo, sehemu yake huhifadhiwa kwenye mfuko wenye umbo la peasi uliojibanza chini ya ini, upande wa kulia, wenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 na uwezo wa kubeba takriban mililita 30 hadi 50. Chakula chenye mafuta kikifika kwenye utumbo mwembamba, mfuko hujikamua, nyongo ikapita kwenye shingo nyembamba ya mfuko, ikaingia mrija mkuu na kuteremka utumboni kuyavunjavunja mafuta. Karibu kabisa na mlango wa utumbo, mrija wa kongosho huungana na huo wa nyongo. Makutano hayo ni ya kukumbuka, kwa kuwa jiwe likikwama pale linaathiri viungo viwili kwa mpigo.

Mawe mengi ni ya kolesteroli. Ini likimwaga kolesteroli nyingi kuliko nyongo inavyoweza kuyeyusha, inayobaki huganda kuwa fuwele, fuwele hushikana na ute na kuwa tope, na tope likikaa bila kukamuliwa hugeuka jiwe. Yapo pia mawe meusi yanayotokana na bilirubini, yaani mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizovunjika. Hayo huwapata zaidi wenye selimundu na magonjwa mengine yanayovunja damu, hata wakiwa vijana na wembamba. Mwanamke mwenye selimundu anayepanga mimba ana sababu ya kupimwa mfuko wa nyongo mapema hata kama hajawahi kuumwa.

Kwa nini ujauzito huyachochea

Homoni mbili hufanya kazi kwa pamoja. Estrojeni huongeza kolesteroli inayoingia kwenye nyongo. Projesteroni hulegeza misuli laini ya mwili mzima. Ndiyo hiyohiyo inayoleta choo kigumu na kiungulia, na mfuko wa nyongo nao hulegea. Kadiri mimba inavyokua, mfuko hujaa zaidi na kujikamua nusunusu, mabaki yakazidi kulala chini. Nyongo nzito isiyotikisika ndiyo mazingira kamili ya tope. Uzito mkubwa kabla ya mimba, mimba za awali, kisukari na historia ya mawe katika familia huongeza uwezekano.

Baada ya kujifungua homoni hushuka na mfuko hurudia nguvu zake. Kwa wanawake wengi tope huondoka lenyewe, na mara nyingine hata mawe madogo hupotea. Lakini nguvu hizo hizo zinaweza kusukuma jiwe hadi kwenye mrija. Ndiyo maana wiki na miezi ya kwanza baada ya kujifungua huwa na mashambulizi mengi ya nyongo, wakati ambao mama na waliomzunguka wote wanamtazama mtoto, na maumivu ya tumbo ya mama huitwa uchovu au gesi.

Maumivu yenyewe yakoje

Maumivu ya nyongo hukaa juu ya tumbo, kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, na mara nyingi huenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Hupanda kwa dakika kadhaa, yakabaki juu kwa nusu saa hadi saa 5 hivi, kisha yakaisha. Hayapungui kwa kwenda haja, kujamba, kubadili mkao au kunywa dawa ya kiungulia. Mgonjwa hukosa namna ya kukaa, na kichefuchefu na kutapika ni kawaida. Mara nyingi huja saa chache baada ya mlo mzito, au usiku wa manane. Kinachotokea ndani ni rahisi kuelewa: jiwe limekaa kwenye shingo ya mfuko, mfuko unakamua dhidi ya mlango uliofungwa. Jiwe likirudi ndani, maumivu yanakwisha kama yalivyokuja.

Lisiporudi, hali hubadilika. Maumivu yanayopita saa 6, yenye homa, na yanayokata pumzi mgonjwa akibonyezwa chini ya mbavu huku akivuta hewa, ni dalili ya mfuko kuvimba. Macho ya manjano, mkojo wa kahawia na kinyesi cha rangi ya udongo mweupe huonyesha jiwe limefika kwenye mrija mkuu. Yakiongezeka homa na kutetemeka kwa baridi, mrija una maambukizi, na hapo saa zinahesabiwa. Maumivu makali yanayotoboa moja kwa moja hadi mgongoni na kutapika kusikokoma huashiria kongosho limevimba.

Kabla ya mimba

Takriban watu 8 katika kila 10 wenye mawe hawaumwi kamwe. Mwanamke aliyekutwa na mawe kwa bahati, labda akipigwa altrasaundi kwa jambo jingine, na hajawahi kupata maumivu hayo, kwa kawaida hahitaji upasuaji, hata kama anapanga kushika mimba. Anachohitaji ni kuzijua dalili na kuwaambia wahudumu wa kliniki kwamba mawe yapo.

Aliyewahi kuumwa ana hesabu tofauti. Shambulio moja huita jingine, na ujauzito huongeza chachu. Kwake, wakati bora wa kuutoa mfuko ni kabla ya mimba. Upasuaji wa kawaida ni wa matundu madogo: kamera na vifaa hupitishwa kwenye matundu matatu au manne, na mfuko wote hutolewa pamoja na mawe yake. Kutoa mawe peke yake na kuuacha mfuko hakusaidii, kwa sababu mfuko uliotengeneza mawe hutengeneza mengine. Wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake, na kurudia shughuli nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Tumbo likilazimika kufunguliwa, hesabu wiki 4 hadi 6. Kipimo cha mimba kifanyike kabla ya upasuaji, na tarehe ya kuanza kutafuta mtoto ipangwe na daktari aliyekupasua. Ini huendelea kutoa nyongo, sasa ikidondoka moja kwa moja utumboni, na mimba hukua vizuri bila mfuko. Baadhi hupata choo laini kwa muda.

Anayepunguza uzito kabla ya mimba apunguze polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kupungua kwa zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huzalisha mawe: mafuta yanayoyeyuka mwilini hupeleka kolesteroli kwenye nyongo, na kukaa na njaa huuacha mfuko bila sababu ya kujikamua. Kwa sababu hiyohiyo, kuacha mafuta kabisa ni kosa. Milo midogo ya mara kwa mara, yenye mafuta kiasi, humtunza mgonjwa vizuri kuliko mfungo mrefu unaofuatwa na mlo mzito.

Vipo vidonge vya asidi ya ursodioksikoliki vinavyoweza kuyeyusha mawe madogo ya kolesteroli, lakini huchukua miezi 6 hadi miaka 2, na mawe hurudi kwa wengi. Kuhusu mchanganyiko wa mafuta na maji ya limau unaosifiwa kuwa hutoa mawe: vibonge laini vya kijani vinavyoonekana chooni ni sabuni iliyotengenezwa utumboni na mafuta yenyewe uliyokunywa. Mawe yamebaki pale pale. Mjamzito anayekunywa mchanganyiko huo pamoja na chumvi ya kuharisha hujikausha maji mwilini, na mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuamsha shambulio alilokuwa analikimbia.

Wakati wa ujauzito

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, na haina mionzi. Mgonjwa hukaa bila kula saa 6 hadi 8 ili mfuko ujae. Jiwe huonekana kama doa jeupe lenye kivuli cheusi nyuma yake, na mgonjwa akigeuzwa ubavu, doa hujiviringisha. Uvimbe uliootea ukutani haujongei. Ukuta wa mfuko ukiwa na unene unaozidi milimita 3, huongeza shaka kwamba mfuko umevimba. Altrasaundi huona vizuri mawe yaliyo mfukoni, lakini yaliyo kwenye mrija hujificha. Shaka ikibaki, MRI bila dawa ya kung'arisha picha hufaa.

Damu ya mjamzito inahitaji msomaji mwangalifu. Chembe nyeupe hupanda katika mimba yenye afya, na kimeng'enya cha alkali fosfatasi hupanda kwa sababu kondo la nyuma hukitoa. Namba hizo peke yake zisimtishe mtu. Bilirubini na vimeng'enya vingine vya ini vikipanda, hiyo ni habari ya kweli. Lipase, kimeng'enya cha kongosho, iliyozidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu, huelekeza kwenye kongosho.

Kuna kosa moja ambalo gharama yake ni kubwa kuliko yote hapa. Baada ya wiki 20, maumivu chini ya mbavu za kulia yanaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachonyemelea, ini likiwa limeathirika. Mwanamke anaweza kuwa na mawe kweli na bado maumivu ya leo yasiwe ya mawe. Presha ya 140/90 au zaidi, kichwa kikali, kuona ukungu au vimulimuli, protini kwenye mkojo, au chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zilizoshuka, humtoa kwenye foleni ya nyongo na kumpeleka kwa daktari wa uzazi papo hapo. Kila mjamzito mwenye maumivu hayo apimwe presha na mkojo kabla ya jina la nyongo kutajwa. Kidole tumbo nacho husukumwa juu na mji wa mimba na kuuma mahali pasipozoeleka. Mwasho wa viganja na nyayo bila maumivu unaweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine wa ini wa ujauzito, unaohitaji vipimo vyake.

Shambulio la kawaida hutulizwa kwa dripu, dawa ya kuzuia kutapika, na paracetamol. Maumivu makali huhitaji dawa za jamii ya afyuni kwa muda mfupi hospitalini. Dawa kama ibuprofen na diclofenac, zinazozoeleka kwa maumivu ya nyongo, zina kikwazo: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kuanzia wiki 20, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Karibu na mwisho wa mimba zinaweza pia kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Mfuko ukivimba, antibaiotiki huongezwa, na doxycycline huepukwa kwa ajili ya meno na mifupa ya mtoto.

Swali linalobaki ni kusubiri au kupasua. Wengi huona kusubiri ndiyo njia ya upole. Kwa maumivu ya mara moja yaliyotulia, hasa karibu na kujifungua, ni sawa. Lakini shambulio la miezi ya mwanzo lina muda mrefu wa kujirudia, na kila kurudi kunaweza kuleta mfuko uliovimba au kongosho, hali zinazoweza kusababisha uchungu wa mapema na kumpoteza mtoto. Mfuko uliovimba, mashambulizi yanayojirudia, mama asiyeweza kula na anayepungua uzito, au kongosho lililowahi kuvimba kwa sababu ya jiwe, ni sababu za kupasua mimba ikiendelea. Upasuaji wa matundu unaweza kufanyika katika kipindi chochote cha ujauzito. Miezi ya kati ndiyo rahisi zaidi kwa daktari, kwa kuwa mji wa mimba haujajaza tumbo.

Maandalizi yana mambo yake. Tundu la kwanza huwekwa juu zaidi ili kuukwepa mji wa mimba. Gesi ya kuinua tumbo huwekwa kwa shinikizo la kiasi. Baada ya wiki 20 mama huinamishwa kidogo kushoto, kwani akilala chali mji wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha ikashuka na mtoto akakosa damu. Mapigo ya mtoto husikilizwa kabla na baada, na mama husaidiwa kutembea mapema ili damu isigande miguuni.

Jiwe lililo kwenye mrija mkuu hutolewa kwa njia ya mdomo: kamera huteremshwa hadi mlango wa mrija, mlango ukakatwa kidogo, jiwe likavutwa kwa kikapu au puto. Mionzi hupunguzwa hadi sekunde chache, au huachwa kabisa pale mtaalamu anapoweza. Mfuko bado unabaki na mawe yake, hivyo hatua hii haimalizi kazi.

Baada ya kujifungua

Aliyeahirisha upasuaji mara nyingi hupangiwa kuanzia wiki ya 6, au mapema zaidi akiumwa. Kunyonyesha hakuzuii upasuaji. Kwa kawaida mama huweza kunyonyesha mara tu anapoamka vizuri na kuweza kumshika mtoto. Wakati mawe bado yanasumbua, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si chaguo zuri. Vipo vya projesteroni pekee, na kitanzi.

Katika mimba inayofuata, aliyetolewa mfuko ataje jambo hilo siku ya kwanza kliniki. Jiwe lililobaki kwenye mrija, au lililojitengeneza humo baadaye, linaweza kuleta maumivu na manjano hata miaka kadhaa mbele, na daktari asiyejua atautafuta mfuko ambao haupo.