Kukikagua kinubi cha zamani cha Érard

Wageni wa makumbusho hukitazama kinubi cha Érard, kampuni ya mafundi wa Paris na London, kuanzia nguzo: dhahabu, michirizi iliyochongwa, na kule juu wanawake wenye mabawa wa mtindo wa Kigiriki. Mimi huanza shingoni, boriti ya juu inayoshika nyuzi. Bamba la shaba njano pale huwa limechorwa jina la fundi, anwani na namba ya kinubi. Madaftari ya tawi la London yamehifadhiwa Royal College of Music, chuo cha muziki cha London, kwa hiyo namba ikisomeka vizuri, huenda ukamfikia hata mnunuzi wa kwanza.

Halafu, hapo hapo shingoni, tazama visahani vidogo vyenye pini mbilimbili. Kama kila uzi una kimoja, hicho ni kinubi cha hatua moja, yaani kanyagio hupandisha uzi mara moja tu. Sébastien Érard aliwekea hataza mtambo huo London mwaka 1794. Vikiwa viwili, ni cha hatua mbili, hataza ya 1810, nacho kwa kawaida kina nyuzi 43. Ukikanyaga kanyagio la chini, chuma chembamba kilichopita ndani ya nguzo huzungusha kisahani, pini zikaubana uzi na sauti ikapanda nusu toni. Ndoano za vinubi vya Kifaransa vya kabla yake ziliuvuta uzi ukatoka kwenye mstari wa wenzake, kero kubwa kwa vidole.

Makanyagio ni saba, moja kwa kila noti: mguu wa kushoto D, C, B, wa kulia E, F, G, A. Cha hatua moja hutuniwa E flati (nusu toni chini ya E) na kutoa skeli kuu nane tu. Cha hatua mbili hutuniwa C flati, na skeli zote zinapatikana.

Ubovu ninaouogopa zaidi ni shingo kupinda. Nyuzi zote zimefungwa upande wake wa kushoto, zinaivuta huko mwaka baada ya mwaka. Uzi ukishahama katikati ya pini, unanguruma au haubanwi kabisa, na kurekebisha pini hakuondoi chanzo. Ubao wa sauti kuvimba kidogo ni kawaida. Kinachotisha ni maungio ya gundi kuachia.

Zile sanamu, kwa taarifa yako, si mbao. Ni lahamu ya chokaa, gundi, utomvu na mafuta ya kitani iliyoshindiliwa kwenye kalibu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, lahamu haifuati, ndiyo maana inapasuka na kubanduka na dhahabu yake. Weka unyevu wa hewa karibu na asilimia 50 bila kuyumbayumba. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kavu. Kitambaa chenye maji huyeyusha gundi iliyo chini ya dhahabu.

Usikifunge nyuzi nene za vinubi vya leo. Tumia za utumbo, nyembamba, C nyekundu na F za buluu au nyeusi, na kikiwa cha maonyesho tu, zilegeze.