Mmea "unaua bakteria": maana yake nini hasa?

Muuza dawa za miti shamba pale Marikiti hakosi kukwambia kuwa mwarobaini unaua bakteria. Hadanganyi. Ila maneno hayo yakitoka maabara huwa na maana finyu kuliko tunavyoyasikia sokoni.

Majani hukaushwa, yakasagwa, yakalowekwa kwenye maji au spiriti ili yatoe kemikali zake. Spiriti hutoa vitu ambavyo maji hayavitoi, kwa hiyo kilichopimwa maabara huenda hakimo kabisa katika sufuria yako ya majani yaliyochemshwa.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha sahani. Bakteria hupakwa juu ya agari, yaani utandu mzito kama jeli wa kuoteshea vijidudu, kikawekwa kikaratasi kilichotiwa dawa, sahani ikalala usiku kucha kwenye joto. Asubuhi pakionekana duara tupu kuzunguka kikaratasi, dawa imezuia. Wengi hushindanisha upana wa maduara, na hapo ndipo wanapopotea: kemikali za mafutamafuta husambaa kwa shida kwenye agari, basi duara dogo si lazima liwe dalili ya dawa dhaifu.

La maana zaidi ni kiwango cha chini cha kuzuia, yaani dozi ndogo kabisa inayowafanya bakteria wasiote. Siprofloksasini, antibiotiki ya hospitalini, humzuia E. koli (bakteria wa utumbo) asiye sugu kwa chini ya mikrogramu 1 katika mililita. Dawa ghafi za mimea mara nyingi hutaka mamia, hata maelfu. Tena kuzuia si kuua. Wako bakteria ambao dawa ikiondolewa huanza kuzaana upya.

Kisha kuna suala la mahali. Mswaki wa mti unaouzwa nje ya misikiti ya Mji wa Kale, Mombasa, una benzili isothiosianeti, kemikali inayowadhuru baadhi ya bakteria wa ufizi, na inawagusa palepale walipo. Dawa ya kunywa haina bahati hiyo: hupita tumboni, ikavunjwavunjwa na ini, ikazimuliwa na damu. Piga hesabu ya dawa inayotaka mikrogramu 500 kwa mililita ili izuie: kiasi hicho, katika lita 5 za damu ya mtu mzima, ni gramu 2.5 za dawa yenyewe, zote zifike salama bila kumdhuru mgonjwa. Na madhara si ya kubuni. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, mtoto mchanga akinyweshwa, yanaweza kumletea degedege na kumharibu ini.