Je, wajua kwa nini waimbaji wa roki nzito huimba juu namna ile?

Sikiliza "Whole Lotta Love" ya bendi ya Led Zeppelin, ya mwaka 1969. Gita la Jimmy Page linarudia kipande kilekile kifupi na kizito, kile ambacho wapenzi wa muziki huu hukiita rifu. Mwimbaji Robert Plant naye yuko juu huko, kama mtu anayemwita mwenziwe aliye ng'ambo ya mto. Wengi hudhani ni mbwembwe tu. Mbwembwe zimo, sikatai, lakini pia huko chini hakuna nafasi.

Uzi mnene kuliko yote wa gita hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Mwanamume akizungumza kawaida, sauti yake huwa kati ya mara 100 na 150 hivi, yaani palepale rifu inapounguruma. Tena gita la roki halipigwi likiwa safi: amplifaya husukumwa mpaka izidiwe, sauti ikwaruze, na mkwaruzo huo huzaa sauti nyingine nyingi juu ya ile ya uzi wenyewe. Mwimbaji akileta sauti ya mazungumzo ya barazani, anamezwa mzimamzima. Akipanda na kukaza koo, sauti yake hupata makali katika eneo la mitetemo 2000 hadi 5000 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu ni jepesi mno, na kuelekea mwisho wake spika ya gita inaanza kuishiwa pumzi.

Mkwaruzo una jambo jingine. Kodi (si hii ya serikali, bali noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kwa kawaida ina noti tatu, na ile ya katikati ndiyo inayoamua kama kodi ina furaha au huzuni. Ipitishe kwenye amplifaya iliyozidiwa, noti zinagombana na kutoa uji. Ndiyo maana wapiga gita wa roki huiacha ile ya katikati wakabaki na mbili zinazoelewana, moja ikitetemeka mara tatu wakati nyenzake inatetemeka mara mbili. Inatoka sauti nzito kama ukuta, isiyo na furaha wala huzuni. Mara nyingi anayeleta hisia iliyokosekana ni mwimbaji, kwa noti atakayochagua.

Si kila bendi ilitatua msongamano huo kwa kupanda juu. "Smoke on the Water" ya Deep Purple ilitoka 1972. Inasimulia jinsi kasino ya Montreux, Uswisi, ilivyoungua Desemba 1971 katikati ya onyesho la mwanamuziki Frank Zappa, moshi ukatanda juu ya ziwa. Ritchie Blackmore anapiga rifu yake maarufu, kisha Ian Gillan akianza kusimulia, rifu inampisha. Kwa hiyo Gillan anaimba kwa utulivu, yeye ambaye katika "Child in Time" ya 1970 alipiga kelele hadi nywele zikasimama. AC/DC katika "Back in Black", 1980, wao waliacha ukimya kati ya mapigo ya gita, na Brian Johnson akaja na koo linalokwaruza kama amplifaya yenyewe.

Ninayempenda zaidi ni Ozzy Osbourne katika "Iron Man" ya Black Sabbath, 1970. Tony Iommi, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham na kupiga gita akiwa amevaa vikofia vya plastiki alivyojitengenezea, anapiga rifu. Ozzy anaimba noti zilezile za rifu. Hapandi, hapishwi, hagombanii nafasi. Wapo wanaosema huo ni uvivu. Basi jaribu kumwondoa Plant kwenye wimbo wake, ubaki na zile noti chache za Page zinazozunguka bila kufika popote. Kisha mwondoe Ozzy: melodi bado ipo yote, gita linaiimba peke yake.