Je, wajua kwa nini nyonga ya chuma huuma ukirudi kazini?

Chuma hakina neva. Plastiki haina, kauri nayo haina. Kiungo cha nyonga kilichokuwa kikimtesa mgonjwa kimekatwa na kutolewa, na mahali pake imewekwa nyonga bandia, kitu kisichohisi chochote. Wiki za nyumbani zinapita salama: anatembea hadi dukani na kurudi, analala vizuri, anawaambia wageni kwamba amepona. Kisha anarudi kazini, na ikifika saa tisa alasiri nyonga inawaka moto. Sasa kinauma nini, kama kilichokuwa kinauma hakipo tena?

Majibu mawili hutoka haraka, ofisini na mtaani pia. La kwanza: chuma kimelegea. La pili: mwili umekikataa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi.

Tuanze na la kukataliwa. Figo ya mtu mwingine hukataliwa kwa sababu ni nyama hai yenye chembe ngeni, na kinga ya mwili huitambua na kuishambulia. Nyonga bandia haina chembe hai hata moja, kwa hiyo hakuna cha kushambuliwa kwa namna hiyo. Wapo wachache ambao ngozi na tishu zao huchukizwa na madini fulani. Zilikuwapo pia nyonga za chuma kusuguana na chuma, ambazo ziliacha vumbi la madini ndani ya nyama na kuleta uvimbe; aina hizo ziliachwa kwa sehemu kubwa baada ya mwaka 2010. Hiyo ni habari ya sumu na mchubuko, na haifanani na figo kukataliwa.

Kulegea nako kupo, ila kwa kawaida huja baada ya miaka mingi. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba kati ya nyonga bandia 100, takriban 89 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 15, na 58 baada ya miaka 25. Kifaa cha kufika robo karne hakianzi kuyumba kwa sababu mwenye nacho amepanda ngazi za ofisi Jumatatu moja. Kinaweza kulegea mapema iwapo vijidudu vimeingia au mfupa haukukishika tangu mwanzo, na dalili zake tutazifikia. Lakini hofu hii ina madhara yake: mtu akiamini chuma kimelegea, huacha kutembea, na kuacha kutembea ndiko kunakomletea maumivu zaidi mwezi unaofuata.

Historia ya kifaa chenyewe ni fupi kusimulia. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, daktari John Charnley alianza kutumia kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu ya polietilini, vyote vikishikwa na simenti ya mifupa. Kabla ya hapo alijaribu plastiki ya Teflon, ikalika vibaya. Nyonga za leo, za simenti na zisizo na simenti, ni watoto na wajukuu wa wazo lile.

Basi daktari amebadilisha kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake tu. Misuli ni ileile. Kano ni zilezile, mfupa wa paja uliobaki ni uleule, na vyote vina neva tele. Mmoja kati ya misuli hiyo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio unaolia ile saa tisa. Ni msuli ulio pembeni mwa tako, unaotoka juu ya fupanyonga na kushika mfupa wa paja kwa nje, pale unapopagusa ukiweka mkono kiunoni na kuushusha kidogo.

Ili kuelewa kazi yake, mfikirie mchukuzi wa maji mwenye mzega: mti begani, ndoo mbele, ndoo nyuma. Ndoo zikiwa sawa na umbali ukiwa sawa, mti unatulia. Sasa ondoa ndoo ya nyuma na umwambie ashike ncha hiyo kwa mkono, halafu sogeza mti mbele ili sehemu ya nyuma ibaki fupi. Ndoo ni ileile, lakini mkono lazima uvute chini kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa ndoo, kwa kuwa uko karibu na bega na ndoo iko mbali. Na bega linabeba nini? Si ndoo peke yake. Linabeba ndoo pamoja na ule mvuto wa mkono.

Kila unapopiga hatua, upo wakati unasimama kwa mguu mmoja. Hapo nyonga ni bega. Kiwiliwili chako, pamoja na mguu ulio hewani, ni ndoo inayoning'inia upande wa katikati ya mwili. Msuli wa pembeni ya tako ni mkono unaovuta upande mfupi ili fupanyonga isianguke. Kwa mtu wa kilo 70, sehemu inayoning'inia ni kama kilo 58, na umbali wake kutoka kwenye nyonga ni takriban mara mbili ya umbali wa msuli. Kwa hiyo msuli huvuta kama kilo 116, na kiungo hubeba jumla: karibu kilo 175. Kwa kusimama tu! Daktari Mjerumani Friedrich Pauwels alishaeleza hesabu za namna hii mwaka 1935.

Hesabu za karatasini zingeweza kubaki karatasini, ila Wajerumani hawakuridhika. Huko Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vihisi na kirusha mawimbi kidogo ndani ya nyonga bandia zenyewe, zikawa zinatangaza mzigo wao kwa redio huku wagonjwa wakitembea. Matokeo ya wagonjwa wanne yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kutembea kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa kulibebesha nyonga asilimia 238 ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi kulikuwa asilimia 251, kushuka 260. Kwa yule wa kilo 70, 238 ni kama kilo 167, si mbali na hesabu yetu ya mzega. Mgonjwa mmoja wa awali alijikwaa vifaa vikiwa vimewashwa, na nyonga yake ikaripoti zaidi ya mara 8 ya uzito wake. Wagonjwa wanne ni wachache, na miili hutofautiana, lakini ni nadra kupata kiungo kinachotoa ushahidi kwa mdomo wake.

Chuma kinaumudu mzigo huo bila taabu. Msuli ndio usioumudu. Kabla ya upasuaji ulichechemea miaka, ukaukwepa mguu huo, na msuli ukanywea. Kisha kisu kikapita kando yake au ndani yake, kutegemea njia aliyochagua daktari. Vipimo vingi vimeonyesha kwamba nguvu yake hubaki pungufu hata baada ya mwaka mzima. Nyumbani hilo halionekani, maana hatua ni chache na kiti kipo karibu. Kazini kuna foleni, kusimama kwenye daladala, korido, ngazi, na aibu ya kuketi wakati wenzako wamesimama. Msuli dhaifu unafanya kazi ya mzima kwa saa nane, na unalalamika kama msuli wowote uliochoshwa: maumivu hukaa pembeni ya tako na paja, huja baada ya kazi, na hupungua ukiamka asubuhi.

Ukiukubali mzega, mambo kadhaa ya ajabu yanajieleza. Fimbo hushikwa mkono wa upande usiopasuliwa. Wengi huishika upande unaouma, kwa sababu akili inadhani fimbo ni mguu wa akiba. Sivyo: fimbo upande wa pili inaibeba ndoo kwa chini, tena mbali na nyonga, labda sentimita 50, wakati msuli uko sentimita 6 hivi. Kwa kanuni hiyo, kukandamiza fimbo kwa kilo 5 kunampunguzia msuli kama kilo 40. Nafuu halisi inapopimwa kwa watu wanaotembea huwa ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Mwaka 1956 daktari Mmarekani Walter Blount aliandika makala nzima akiwasihi wenzake wasiwaache wagonjwa watupe fimbo mapema kwa sababu ya kuona haya. Haya hiyo bado ipo maofisini.

Mkoba nao una upande wake. Ushike kwa mkono wa upande uliopasuliwa, hapo unakuwa ndoo ndogo ya nyuma inayomsaidia msuli. Ukiuhamishia upande wa pili kwa nia ya kuupumzisha mguu mbovu, umeongeza maji kwenye ndoo ya mbele. Na mama anayerudi sokoni au shambani akajitwika ndoo ya lita 20 kichwani ameongeza kilo 20 kwenye mwili, na kwa hesabu ileile nyonga inaweza kuhisi karibu kilo 60 za ziada kila hatua. Ukanda wetu una sababu ya pekee ya kulijua hili, kwa kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja na kukiua mapema. Matokeo yake wanaobadilishiwa nyonga ni pamoja na vijana wenye miaka mingi ya kubeba mizigo mbele yao, si wastaafu peke yao.

Hata kuchechemea kuna hila ndani yake. Mwili unapoinamia upande uliopasuliwa, unaisogeza ndoo karibu na bega. Msuli unapata nafuu, na mgongo unalipa bili. Ndiyo sababu wengine hurudi kazini wakilalamikia kiuno kuliko nyonga.

Wanaofanya kazi ya kuketi wana shida nyingine. Msuli wa kinena hujikunja kwa muda mrefu, na hatua za kwanza baada ya kuinuka huvuta. Kuinuka kwenyewe hubebesha nyonga karibu mara mbili ya uzito wa mwili, na zaidi kiti kikiwa chini. Kiti kiwe juu kiasi cha magoti kukaa chini kidogo ya nyonga, uinuke kila nusu saa hivi, hata kama ni kwenda dirishani tu. Waliopasuliwa kwa nyuma huambiwa wasikunje nyonga kupita nyuzi 90 kwa wiki kadhaa, jambo linalofanya kigoda, choo cha kuchuchumaa na kurusha mguu juu ya bodaboda viwe vya kuulizia kwa daktari kwanza. Siku hizi baadhi ya madaktari wamelegeza masharti hayo, kwa kuwa tafiti kadhaa hazikuona tofauti kubwa, lakini maneno ya aliyekupasua ndiyo ya kufuata. Kwenye ngazi, mguu usiopasuliwa hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Kuna maumivu ya katikati ya paja pia, hasa kwa nyonga zisizo na simenti. Hayo yana asili tofauti: mfupa hupinda kidogo sana kila hatua, na chuma kilicho ndani yake, yaani shina linaloshikilia kichwa bandia, ni kigumu mara nyingi zaidi ya mfupa, kwa hiyo pale ncha ya chuma inapoishia mfupa husumbuka. Kwa wengi hupungua ndani ya mwaka au miwili.

Kurudi kazini kwa kawaida huwa kati ya wiki 6 na 12, mapema kwa kazi ya mezani, baadaye kwa kazi za nguvu. Mwajiri akikubali nusu siku kwa majuma ya kwanza, chukua. Ushahidi wa ratiba ipi ni bora ni mwembamba, ila msuli hukua kwa mzigo unaopanda taratibu. Panadol hufanya kazi vizuri ikimezwa kabla ya ile saa tisa kuliko baada yake. Kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na vichache zaidi kwa mwenye ini bovu au mwili mdogo. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama peremende, si za kujichukulia kwa mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, selimundu, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Tramado, dawa kali ya maumivu, inalevya, kwa hiyo dereva na fundi wa mashine wasiende kazini wakiwa wameimeza.

Wapo ambao maumivu hayaishi. Mapitio ya mwaka 2012 yalikuta kwamba, kutegemea utafiti, asilimia 7 hadi 23 waliendelea na maumivu ya maana muda mrefu baada ya upasuaji. Si wazushi, na wanastahili kuchunguzwa.

Maumivu yasiyofuata tabia ya msuli ndiyo ya kuogopa. Yanayozidi usiku ukiwa umelala. Yanayokuja na homa, au kidonda kinachotoa majimaji. Mguu uliofupika ghafla na kukataa kukanyagwa baada ya kishindo. Shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika: hapo damu huenda imeganda, na ni hospitali saa hiyohiyo. Na kwa aliyekaa miaka bila shida, maumivu ya kinena au paja yanayouma hatua za kwanza kisha yakatulia yanaweza kuwa ndiyo kulegea kwenyewe. Daktari atapiga eksirei na kuilinganisha na ile ya kwanza baada ya upasuaji, akitafuta kama chuma kimesogea hata milimita chache. Kwa hiyo picha ile ya kwanza itunzwe pamoja na vyeti.