Mradi wa afya ya moyo unaoongozwa na wakazi: maana yake hasa

Neno "shirikishi" limetumika hadi limechakaa. Mradi wa afya ukifika kijijini siku hizi, hauachi kujiita shirikishi: watu wameitwa mkutanoni, wameelezwa kinachokuja, wameuliza maswali mawili matatu, wamesaini karatasi ya mahudhurio. Mradi wa namna hiyo umeletwa kwa wakazi, na huenda ukawasaidia sana. Mradi unaoongozwa na wakazi ni jambo jingine. Ukitaka kuutambua, usihesabu waliohudhuria. Uliza nani aliamua kwamba hili ndilo tatizo la kuanza nalo, na nani ana kauli ya kusema "tubadilishe" pale mpango unapokwama.

Kwa maelezo mepesi, ni kazi ya watu wanaoishi eneo moja la vijijini, waliojikusanya kwa hiari, wakachagua wenyewe jambo linalodhuru afya ya mioyo yao katika maisha ya kila siku, wakapanga jinsi ya kulirekebisha, wakalirekebisha na kupima kama limebadilika. Wataalamu wapo, na wanahitajika, lakini kazi yao ni kushauri. Usukani uko kwa wenyeji.

Mfano utasaidia. Nchini China, vijiji 600 viliingizwa katika utafiti wa chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imeondolewa na kuwekwa potasiamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: waliotumia chumvi hiyo walipatwa na kiharusi kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Ni kazi kubwa iliyookoa watu, na haina haja ya kuitwa jina lisilo lake. Watafiti ndio waliochagua chumvi, vijiji na namna ya kupima. Hiyo ni afya ya jamii, wala si mradi ulioongozwa na wakazi. Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu majina haya yakichanganywa, wakazi hupewa lawama ya miradi ambayo hawakuwahi kuipanga.

Kwa nini moyo, na kwa nini vijijini? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Magonjwa haya hayaji kwa siku moja. Presha hupanda kimya kimya, lehemu (kolesteroli) hujijenga ndani ya mishipa, sukari hupanda, sigara hufanya yake, na miaka inapita mwenyewe anajiona mzima. Mgonjwa humwona daktari dakika chache kwa mwaka. Saa zilizobaki anaziishi nyumbani, kazini, njiani na mezani, na huko ndiko moyo unakoharibika au kutunzika.

Kijijini linaongezeka suala la umbali. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli uliokosa damu unazidi kufa kadiri dakika zinavyokwenda. Mji wenye hospitali kubwa una nafasi ya kuwahi. Mahali ambapo gari la wagonjwa linachukua saa mbili kufika, kinga ndiyo tiba kubwa iliyopo, na kinga inafanywa na walioko pale.

Sasa tuingie ndani ya kikao kimoja, tuone kazi yenyewe inavyofanana. Chukulia watu kumi na wawili wamekaa, na mwezeshaji amewawekea karatasi kubwa tupu. Anawaomba wachore mahali wanapoishi: tunanunua wapi chakula, tunatembea wapi, watoto wanacheza wapi, wazee wanakaa wapi jioni. Kisha wanatoka na karatasi yao na kuitembelea njia waliyoichora. Mama mmoja anasimama kando ya barabara na kusema: "Daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku. Nitembee wapi hapa?" Kila mmoja anatazama. Barabara haina pembezoni pa kupita, malori yanapita kwa kasi, na jua likizama hakuna taa. Mama huyu aliandikwa kwenye faili lake kuwa hafuati ushauri. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu barabara.

Kikundi kikirudi kukaa, kinaweza kuamua kwamba mwaka huu kazi yake ni kijia cha kutembelea kwa miguu na lango la uwanja wa shule liachwe wazi hadi jioni. Wataandika barua, watamwona mkuu wa shule, watatafuta majembe. Mtu akipita asingejua kwamba huu ni mradi wa moyo. Lakini ndio wenyewe.

Miradi ya mtindo huu imefanyiwa utafiti wa kweli. Nchini Marekani, katika majimbo ya Montana na New York, miji midogo 16 ya vijijini ilishiriki katika mpango wa wanawake wa miaka 40 na kuendelea. Walikutana mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, wakifanya mazoezi na kujifunza upishi wenye afya. Ndani ya mpango huo kulikuwa na sehemu ambayo wanakikundi walitafuta jambo la kubadilisha katika mazingira ya mji wao, upande wa chakula au wa mazoezi. Mimi naiona sehemu hii kuwa ndiyo kiini. Mtu anayejitahidi peke yake katika mazingira yanayomvuta nyuma huchoka, na akichoka hujiona dhaifu, ilhali wa kulaumiwa ni mazingira.

Historia ya jambo hili kwa kawaida huanzia Finland, katika mkoa wa Karelia Kaskazini. Miaka ya 1960, wanaume wa eneo hilo la mashamba na misitu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha juu kuliko karibu kote duniani, wengi wakiwa bado na umri wa kufanya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1971 wawakilishi wa mkoa waliipelekea serikali barua ya maombi: tusaidieni. Mradi ulianza mwaka 1972, ukiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Chama cha akina mama wa nyumbani kilichukua jukumu la mapishi, kikafundisha jinsi ya kupunguza siagi na kuongeza mboga. Watu wa kawaida wanaosikilizwa na wenzao walifundishwa ili wawe wasemaji wa mradi majumbani na kazini. Baadaye vijiji vilishindana kushusha lehemu. Kufikia miaka ya 2000, vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika mkoa huo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Tuwe wakweli hapa. Vifo vilipungua pia sehemu nyingine za Finland, kwa hiyo si kila kilichopungua ni cha mradi. Tena usukani kwa sehemu kubwa ulikuwa mikononi mwa wataalamu. Kilicho cha wakazi bila ubishi ni ombi la mwanzo na kazi ya majikoni. Ndiyo maana ni vyema kuuona uongozi wa wakazi kama ngazi: chini kabisa watu wanaarifiwa, juu kidogo wanaulizwa, juu zaidi wanaamua pamoja na wataalamu, na juu kabisa wanaamua wao. Miradi mingi mizuri iko katikati ya ngazi, na haina ubaya kukiri hivyo.

Mfano mwingine uko Franklin, wilaya maskini ya vijijini katika jimbo la Maine, Marekani, iliyokuwa na watu wapatao 22,000 mwaka 1970. Vikundi vya wenyeji, manesi, madaktari wa huko huko na watu wa kujitolea walianza kupima presha palipo na watu, kisha wakaongeza lehemu, sigara, chakula na mazoezi. Walipoanza na presha, kati ya wagonjwa wa presha waliokuwa nayo chini ya udhibiti walikuwa asilimia 18. Kati ya 1975 na 1978 walifika asilimia 43. Kazi iliendelea kwa miaka 40. Ni hiyo miaka 40 ninayotaka msomaji aikumbuke, maana miradi mingi hupewa miwili au mitatu.

Upimaji wa presha ndio kazi ambayo vikundi vingi huanza nayo, na inafaa, kwa sababu mtu asiye daktari anaweza kuifanya vizuri akifundishwa. Lakini ifanywe kwa makini. Anayepimwa akae kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini, hakuna kukunja nne. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, usiwe juu ya shati. Asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa nusu saa iliyopita, na asizungumze mashine inapofanya kazi. Apimwe mara mbili, kwa kupisha dakika moja hivi, na namba zote ziandikwe. Akipata 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, aende kituo cha afya. Akipata 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Hapo ndipo mpaka wa kikundi unapoonekana. Wakazi hawaandiki dawa. Kupima watu mia na kuwaambia arobaini kwamba wana presha, huku kituo hakina dawa wala mtu wa kuwapokea, ni kuwapa hofu na kuwaacha nayo. Kwa hiyo kabla ya mashine kununuliwa, kikundi kikae na wahudumu wa kituo kikubaliane: mtu tukimleta anapokelewa siku gani, na nani, na dawa zipo? Mkazi wa kawaida ana nafasi kubwa baada ya hapo. Katika utafiti uliofanyika Colombia na Malaysia katika jamii 30, wagonjwa walihudumiwa na wahudumu wasio madaktari, wakapewa dawa bila malipo, na kila mmoja akawa na ndugu au rafiki wa kumkumbusha na kumtia moyo. Baada ya mwaka mmoja, namba yao ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa takriban pointi 11 zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2019.

Kuna jambo moja la kijijini ambalo wataalamu wa mjini hulisahau: kila mtu anamjua kila mtu. Ni nguvu, kwa sababu asiyefika kliniki ataulizwa na jirani. Pia ni hatari. Namba za presha za mtu zikisomwa kwa sauti uwanjani, kabla ya jioni zitakuwa zimezunguka kijiji kizima, na safari ijayo hatakuja. Kikundi makini hupima nyuma ya pazia, humpa mtu kadi yake mkononi, na daftari hukaa na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote.

Linalofuata ni kuangalia nani hayupo. Wanaokuja vikaoni mara nyingi ni wenye muda, wenye usafiri na waliozoea kusema mbele za watu. Mwenye kulea wagonjwa nyumbani, kibarua anayerudi usiku na mlemavu asiyefika mkutanoni wana mioyo ile ile, na mara nyingi iliyo hatarini zaidi. Vilevile si haki wanawake wafanye kazi zote huku wanaume wakishika viti vya mwenyekiti na mweka hazina. Kikundi kinachoongozwa na wachache wa kijiji kimehamisha usukani nusu tu.

Na matokeo yapimwe vipi? Wafadhili hupenda kuuliza vifo vimepungua kiasi gani. Kijiji cha watu elfu mbili hakiwezi kujibu swali hilo kwa miaka miwili. Vifo vya moyo huko ni vichache kwa mwaka, vikitoka sita kuwa vinne huenda ni bahati tu. Hesabu zenye maana kwa kikundi kidogo ni zile zinazoonekana: wangapi wamepimwa, wangapi kati ya waliokutwa na presha wamefika kituoni, wangapi bado wanameza dawa baada ya miezi sita, wangapi wanatumia kijia kipya jioni. Daftari la kawaida lenye mistari linatosha.

Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi wa mwaka 1978, lilisema kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Maneno yote mawili yamo, haki na wajibu. Serikali inayochukua neno la pili pekee huwaachia wanakijiji kazi ya hospitali bila dawa, bila barabara na bila bajeti, kisha huiita uwezeshaji. Kijia watachimba wakazi. Taa za barabarani, dawa za presha na sheria ya kiwango cha chumvi kwenye vyakula vya viwandani haviwezi kutoka kwenye mchango wa kikundi, na kikundi kilichokomaa hulijua hilo na huenda kuvidai.

Mtaalamu anapofunga mkoba wake, kwenye kikundi hubaki mambo ya kawaida kabisa ya kuamua: mashine ya presha italala nyumbani kwa nani, betri zitanunuliwa na fedha ipi, na katibu akihama nani ameshafundishwa kushika daftari.