Kontrasti: ile "rangi" ya skani inaingiaje moyoni?

Mjomba wangu alikuwa amekaa na kanula (kimrija cha kupitishia dawa mshipani) mkononi, kliniki moja ya Upper Hill, Nairobi, akisubiri skani ya CT ya tumbo. Mhudumu akasoma fomu: una mzio? Figo ziko sawa? Moyo je? Hapo mjomba akacheka. "Si mnapiga tumbo? Moyo umeingiaje?"

"Mzee, dawa hii itapita moyoni kabla ya kufika tumboni."

Dawa yenyewe ndiyo kontrasti: hudungwa mshipani ili mishipa na viungo vijitokeze kwenye picha. Watu huiita rangi, ingawa hii ya CT haina rangi, ukiitazama kwenye sindano ni kama maji. Kinachofanya kazi ni iodini iliyomo, inayozuia miale ya eksirei.

Namna inavyousumbua moyo utaielewa kwa kachumbari. Itie chumvi, iache kidogo, urudi: bakuli limejaa maji yaliyotoka kwenye nyanya na vitunguu. Kontrasti kali nayo huvuta maji ya mwilini yaingie kwenye mishipa. Damu inaongezeka ujazo, na moyo uliokwisha kudhoofika unabebeshwa mzigo juu ya mzigo. Zile za zamani zilikuwa na ukali, yaani nguvu ya kuvuta maji, wa mara 5 hadi 7 kuliko damu; nyingi za siku hizi ni mara 2 au 3, na aina iitwayo iodixanol inalingana na damu. (Lile joto linalokutambaa ghafla hadi kinenani ni mishipa kutanuka tu. Huisha upesi.)

Kudungwa moja kwa moja kwenye ateri za moyo ni habari nyingine. Mwaka 1958, Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa akipiga picha ya mshipa mkubwa, kontrasti ikaponyokea kwenye ateri ya kulia ya moyo. Moyo ukasimama. Akamwamuru mgonjwa akohoe. Akakohoa, mapigo yakarudi. Angiogramu ya moyo, yaani picha ya ateri zake, ilizaliwa kwenye kosa hilo.

Kontrasti ya eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) usiichanganye na hii: ni vipovu vya gesi, havina iodini, na gesi yake hutoka kwa pumzi.

Mjomba alijibu kuwa moyo wake ni mzima kabisa. "Ila usiku lazima nilalie mito mitatu, la sivyo pumzi inakata."

Mhudumu akaweka kalamu chini, akaenda kumwita daktari.